Kutunza na Kuendesha Pikipiki ya Zamani Nyumbani

Katika kata za Matungu, yaani Koyonzo, Kholera, Khalaba, Mayoni na Namamali, msafiri apitaye kati ya mashamba ya miwa huona pikipiki mpya zikikimbia huku na huko kuchukua abiria na mizigo. Lakini katika nyumba nyingine, nyuma ya ghala ya mahindi au chini ya turubai kuukuu, iko pikipiki ya namna nyingine: ile aliyoinunua baba au babu, ambayo kuku hutaga juu ya kiti chake na watoto huipanda wakijifanya wasafiri. Mwenyewe amekwisha kuzeeka, au hayupo tena duniani, na vijana huulizana kama iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu au itengenezwe irudi barabarani.

Swali hilo si dogo. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kazi mwaka 1973, miwa ikawa ndiyo tegemeo la nyumba nyingi za sehemu hizi. Kiwanda hicho kilipowekwa chini ya usimamizi wa wadai mwaka 2019, wakulima wengi walikuwa wamekwisha kupungukiwa na fedha. Basi mtu aliye na pikipiki nzima chini ya turubai anayo mali, naye akiweza kuitunza kwa mikono yake hahitaji kukopa ili apate nyingine. Lakini akiiwasha pasipo kuitengeneza ipasavyo, pikipiki hiyo hiyo yaweza kumvunja mguu au kumwua. Habari hii yaeleza namna ya kuiamsha pikipiki iliyolala, namna ya kuitunza, na namna ya kuiendesha kwa salama.

AINA ZA PIKIPIKI ZA ZAMANI

Pikipiki za zamani hazikuumbwa zote kwa mfano mmoja. Ile iitwayo BSA Bantam iliundwa Uingereza tangu mwaka 1948 hadi mwaka 1971. Mfano wake ulitokana na pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ambayo michoro yake ilichukuliwa baada ya Vita Kuu vya mwaka 1939 hadi 1945. Mfano huo huo uliigwa na Wajapani wa Yamaha katika pikipiki yao ya kwanza ya mwaka 1955. Honda Super Cub ilitokea mwaka 1958, nayo imeenea duniani kuliko pikipiki nyingine yo yote.

Honda CG125 ilitolewa mwaka 1976, na habari zake zafaa kujulikana na kila mkulima. Waundaji wake walizichunguza nchi ambako pikipiki hufanya kazi ngumu, wakaona ya kuwa watu huzitwika mizigo mizito, hupita mavumbini, na hukawia sana kubadili oili. Basi waliunda injini isiyo na cheni ndefu ya ndani ya kuendesha vali. Badala yake waliweka fimbo fupi za kusukumia vali, ili injini istahimili taabu hiyo. Tena waliifunika cheni ya gurudumu kwa bati kabisa ili mchanga usiingie. Injini ya namna hiyo ilinakiliwa sana nchini China, na baadhi ya pikipiki zifanyazo kazi ya bodaboda leo zina injini ya ukoo huo. Kwa sababu hiyo vipuri vya CG125 si adimu, ila yampasa mnunuzi aviangalie vema, maana ubora wake haulingani.

Jambo la kwanza la kujua ni kama injini ni ya mapigo mawili au ya mapigo manne. Injini ya mapigo manne, kama ile ya CG125, huwa na oili yake tumboni, na petroli huwekwa peke yake. Injini ya mapigo mawili, kama ile ya BSA Bantam, haina akiba ya oili ya kulainisha pistoni. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Yamaha AG100, iliyoundwa kwa kazi za shamba, nayo ni ya mapigo mawili, lakini ina tangi dogo la oili kando, na pampu huigawa oili yenyewe. Mtu akitia petroli tupu katika Bantam, au akiliacha tangi dogo la AG100 likauke, pistoni itakwama katika silinda baada ya mwendo mfupi, na gharama yake ni kubwa.

Kipimo cha kuchanganya kifuatwe kama kitabu cha pikipiki kiagizavyo. Kwa mfano, kitabu kikisema sehemu 25 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, basi lita 5 za petroli hutaka mililita 200 za oili. Kipimo kisikisiwe kwa macho. Chupa ndogo iliyotiwa alama yatosha.

KUIAMSHA PIKIPIKI ILIYOLALA

Kosa la vijana wengi ni kuitoa pikipiki chini ya turubai, kutia petroli mpya juu ya ile ya kale, na kupiga kiki mpaka jasho liwatoke. Kufanya hivyo ni kuiharibu. Pikipiki iliyolala mwaka mmoja au zaidi iamshwe kwa utaratibu huu.

Kwanza, petroli ya zamani imwagwe katika chombo cha chuma, nje ya nyumba, mbali na moto. Petroli ikikaa miezi mingi huharibika na kuacha utomvu mzito kama ulimbo, unaoziba njia nyembamba. Kisha tangi lifunguliwe na kuchunguzwa kwa tochi, wala si kwa kiberiti wala mshumaa, maana mvuke wa petroli katika tangi tupu hulipuka upesi kuliko petroli yenyewe. Likiwa na kutu ndani, litiwe maji ya sabuni pamoja na nati ndogo zilizohesabiwa, litikiswe sana, lisuuzwe, na kuanikwa juani mpaka likauke kabisa. Nati zihesabiwe tena zitokapo, isije ikabaki moja ndani.

Pili, kabureta ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe ili vyuma vidogo visipotee. Kikombe chake kioshwe, na lile tundu dogo la petroli, ambalo mafundi huliita jeti, lisafishwe kwa kupulizwa upepo. Lisichokolewe kwa waya mgumu, kwa kuwa tundu likipanuka kidogo tu, pikipiki itakunywa petroli kupita kiasi siku zote.

Tatu, plagi ifunguliwe, na kijiko kimoja cha oili safi kimiminwe ndani ya silinda. Kiki isukumwe kwa mkono, polepole, ili pistoni ipande na kushuka ikilainishwa. Ikiwa haisogei, isilazimishwe. Oili iachwe ndani siku mbili tatu, kisha ijaribiwe tena. Pistoni iliyoshikwa na kutu ikilazimishwa kwa nguvu huvunjika.

Nne, oili yote ya injini imwagwe na kuwekwa mpya kabla injini haijawashwa, maana oili ya zamani huwa imekusanya maji na uchafu. Tano, matairi yaangaliwe. Tairi lililokaa chini bila upepo kwa muda mrefu hupasuka-pasuka ubavuni kama udongo wa kiangazi. Tairi la namna hiyo halifai, hata kama meno yake ni mapya. Sita, waya za breki na za klachi zivutwe na kutazamwa ncha zake. Waya ikianza kuachana nyuzi, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

OILI NA CHUJIO LA HEWA

Oili ndiyo uhai wa injini ya mapigo manne. Pikipiki ndogo kama CG125 hubeba oili ya lita moja hivi tu, na kiasi hicho kidogo huchoka mapema. Kwa pikipiki ya zamani ifanyayo kazi mavumbini na matopeni, ni vema oili ibadilishwe kila kilomita 1,000 hadi 1,500. Imwagwe injini ikiwa na joto kidogo, kwa kuwa ndipo uchafu hutoka pamoja nayo. Ipimwe kila juma, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Katika Honda nyingi kijiti cha kupimia huwekwa tu juu ya tundu lake wakati wa kupima, wala hakizungushwi kufunga; mtu akikizungusha atadhani oili inatosha, kumbe imepungua.

Oili iliyotumika isimwagwe uani wala mtaroni. Mvua ikinyesha huichukua mpaka vijitoni, na vijito vya Matungu humwaga maji yake katika mto Nzoia, ambao watu wengi huteka maji na kunywesha ng'ombe. Iwekwe katika debe na kupelekwa kwa fundi aijuaye njia ya kuiondoa.

Chujio la hewa husahauliwa kuliko yote. Wakati wa kiangazi, matrekta ya miwa yapitapo, barabara za udongo mwekundu hujaa vumbi jembamba kama unga. Vumbi hilo likiingia katika silinda husaga vyuma kama msasa, na baada ya miezi michache pikipiki huanza kutoa moshi na kupoteza nguvu. Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likamuliwe bila kusokotwa, likauke kivulini, kisha lipakwe oili kidogo na kukamuliwa tena. Lisioshwe kwa petroli. Tena mtu asiendeshe pikipiki iliyotolewa chujio, hata kama ataambiwa kwamba kwa njia hiyo itapata nguvu zaidi.

CHECHE NA VALI

Plagi ni kama ulimi wa mgonjwa. Fundi mzuri huutazama kwanza. Ncha yake ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini ina afya. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, petroli ni nyingi mno au chujio la hewa limeziba. Ikiwa nyeusi na yenye mafuta, oili inapita mahali isipopaswa, au katika injini ya mapigo mawili oili imezidi katika mchanganyiko. Ikiwa nyeupe, injini inapata joto kupita kiasi kwa sababu petroli haitoshi au hewa inaingia kwa upenyo usiofaa. Nafasi ya ncha ya plagi katika CG125 ni kati ya milimita 0.6 na 0.7.

Pikipiki nyingi za zamani zina pointi za kukatia umeme. Hizo husuguliwa polepole kwa msasa laini zikiungua, na nafasi yake, ambayo aghalabu ni kati ya milimita 0.3 na 0.4, hupimwa kwa kipimo cha vyuma vyembamba. Kipimo hicho ni cha bei ndogo, nacho chafaa kuwamo katika kila sanduku la vyombo, maana hutumika pia kupima nafasi ya vali. Katika CG125 nafasi ya vali ni milimita 0.08, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Nafasi ikizidi, injini hulia kama mtu agongaye bati. Ikipungua mno, vali haifungi sawasawa, nayo huungua kimya-kimya. Kwa hiyo injini isiyopiga kelele yo yote ya vali si lazima kwamba ni nzima.

Betri ya aina ya maji ijazwe maji safi ya betri peke yake. Maji ya kisima au ya mto yana chumvi za ardhini zinazoiharibu.

CHENI, BREKI NA MAGURUDUMU

Cheni isikazwe kama waya ya ua, wala isilegee kama kamba ya nguo. Ikisukumwa kwa kidole katikati, ipande na kushuka kama sentimita 2 hivi. Gurudumu la nyuma lizungushwe na kupimwa mahali kadhaa, kwa kuwa cheni iliyochakaa hukaza mahali pamoja na kulegea mahali pengine. Wakati wa kukaza, alama za pande zote mbili za mkono wa gurudumu zilingane, ama sivyo gurudumu litakwenda upande. Kile kibanio kidogo cha kuungia cheni kiwekwe ili upande wake uliofungika utangulie pale cheni inakoelekea. Kikiwekwa kinyume chaweza kuchomoka njiani.

Breki za pikipiki hizi aghalabu ni za ngoma. Mkono wa breki ya mbele na kanyagio la nyuma viwe na nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kabla breki haijashika. Viatu vya breki vikichakaa vibadilishwe vyote viwili pamoja. Hapa pana onyo: viatu vingi vya zamani viliundwa kwa asbesto, na vumbi lake likivutwa pumzi hudhuru mapafu baada ya miaka mingi. Basi ngoma isipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Ifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kitupwe kikiwa kimefungwa. Grisi wala oili isiguse viatu hivyo hata tone moja.

Spoki za magurudumu zigongwe moja moja kwa spana ndogo. Iliyokazwa hulia kwa sauti nyembamba, na iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa sababu tairi likipata joto kipimo hudanganya.

IKIKATAA KUWAKA

Injini haina uchawi. Hutaka mambo manne tu: petroli, hewa, cheche, na mgandamizo wa silinda. Mwenye kutafuta kosa ayafuate kwa zamu, wala asiguse mambo mawili kwa mara moja, kwa kuwa hatajua ni lipi lililoponya.

Aanze na petroli. Je, imo katika tangi, bomba limefunguliwa, na tundu dogo la kifuniko cha tangi halikuziba? Tundu hilo likiziba, petroli hukataa kushuka, na pikipiki huzimika baada ya mwendo mfupi kisha huwaka tena baada ya kupumzika. Kisha afungue plagi. Ikiwa kavu baada ya kupiga kiki mara nyingi, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli yafika lakini haiungui. Aifute, aitie katika waya wake, aigusishe na chuma cha silinda, mbali na tundu lililo wazi, na kupiga kiki huku akitazama cheche. Cheche njema ni ya buluu, nayo hulia. Isipoonekana, plagi nyingine ijaribiwe kabla ya kuulaumu umeme wote. Petroli na cheche vikiwa sawa, na kiki ikawa nyepesi kama isiyo na kitu ndani, mgandamizo umepungua, na hiyo ni kazi ya fundi.

Petroli yenyewe nayo ichunguzwe. Uchanganyaji wa petroli na mafuta ya taa ulienea nchini hata Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili wafanyao hila hiyo wasipate faida. Petroli iliyochanganywa huifanya injini igonge, itoe moshi, na kuwaka kwa shida. Anunuaye petroli katika chupa kando ya njia hana namna ya kujua alichouziwa.

HATARI ZA NYUMBANI

Watu wengi huingiza pikipiki nyumbani usiku kwa kuogopa wezi. Jambo hili laeleweka, lakini lina hatari tatu. Ya kwanza ni moto. Bomba la petroli la zamani huvuja, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka uifikie taa au jiko la makaa. Kwa hiyo bomba lifungwe kila jioni, mpira wa petroli ubadilishwe ukianza kupasuka, na pikipiki isilale katika chumba kimoja na jiko wala na watoto. Ya pili ni moshi. Injini isiwashwe ndani hata kwa dakika chache, maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asiamke. Ya tatu ni ekzosi yenye joto, ambayo huwachoma watoto miguuni. Kibanda kidogo cha mabati chenye kufuli, mbali kidogo na nyumba, chaondoa hatari zote hizo.

Tena petroli isivutwe kwa mdomo kutoka katika tangi. Ikiingia mapafuni yaweza kuua. Na aliyeimeza asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali upesi.

KUIENDESHA

Kijana aliyezoea pikipiki za siku hizi asirukie ya zamani na kwenda. Katika BSA Bantam na nyingine nyingi za Kiingereza za wakati ule, kanyagio la gia liko mguu wa kulia na breki iko mguu wa kushoto, kinyume cha zile za Kijapani. Mtu akitokewa na ng'ombe barabarani, mguu hufuata mazoea kabla ya akili. Atakanyaga gia akidhani ni breki. Kwa hiyo ajifunze kwanza uwanjani, siku kadhaa, mpaka mguu wake usahau ya kwanza.

Breki za zamani ni dhaifu kuliko za leo, basi nafasi kati yake na gari la mbele iwe kubwa zaidi. Breki zote mbili zitumike pamoja. Ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi katika barabara kavu, lakini kwenye tope ishikwe kwa upole sana. Mvua za masika zinyeshapo, udongo wa Matungu huteleza kama sabuni. Mwendeshaji apunguze mwendo kabla ya kona, si ndani yake, na katika mikondo ya magurudumu ya matrekta achague mkondo mmoja na kuufuata polepole. Akivuka maji, ashike breki kidogo kidogo akiwa mwendoni mpaka ngoma zikauke. Katika mteremko mrefu, mwenye injini ya mapigo mawili inayochanganyiwa oili katika petroli asifunge mkono wa mafuta kwa muda mrefu, kwa kuwa petroli ikikatika, oili nayo hukatika.

Trela la miwa lina hatari zake. Miwa huanguka, tope huanguka, na usiku baadhi ya matrela hayana taa za nyuma. Asiyeona mbele ya trekta asilipite. Mwenda pole hajikwai.

Sheria yamtaka mwendeshaji na abiria wavae kofia ngumu na koti la kung'aa, na abiria awe mmoja tu. Amri hii haikutungwa kwa kuwasumbua watu. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi mwaka 2008 waliona ya kuwa kofia hupunguza vifo vya waendeshaji wapatao ajali kwa asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia isiyofungwa kidevuni huruka kabla ya kichwa kugonga chini, na iliyokwisha kupata ajali haifai tena.

HATI NA DAFTARI

Pikipiki ya zamani haiwi nje ya sheria kwa uzee wake. Yapasa iwe na hati ya umiliki na bima, na mwendeshaji awe na leseni ya pikipiki. Ikiwa mwenye jina katika hati amefariki, jina lihamishwe kwa njia ya sheria ya mirathi. Ndugu wengi wamekosana kwa sababu mmoja alitengeneza mali ya baba kwa fedha yake, kisha wengine wakadai iuzwe igawanywe. Ni afadhali wazee wa ukoo waketi kabla ya spana ya kwanza kushikwa, na mapatano yaandikwe.

Kisha liwepo daftari. Kila oili ibadilishwapo, kila cheni ikazwapo, kila kipuri kinunuliwapo, iandikwe tarehe, kilomita na bei. Baada ya mwaka mmoja daftari litasema kama pikipiki inasaidia nyumba au inaila. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa pikipiki huonekana daftarini kabla haujaonekana barabarani.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba moja kati ya mashamba ya miwa. Ni usiku wa mvua, na mama mja mzito ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake. Gari la wagonjwa limeitwa lakini lachelewa kwa tope, naye muuguzi wa zahanati akaa kilomita tano. Kijana wa nyumba hiyo akiwa ameitunza pikipiki ya baba yake, hatampakia mgonjwa kwa haraka juu ya njia mbaya. Atafungua kibanda, atapiga kiki mara moja au mbili, atavaa kofia yake, na kwenda kumleta muuguzi nyuma yake, taa ikimulika na breki zikishika. Akiwa hakuitunza, atabaki uani akipiga kiki gizani, huku akisikia sauti ya mama ndani ya nyumba. Tofauti ya usiku huo haikutengenezwa usiku huo. Ilitengenezwa siku za Jumamosi, nusu saa kila mara, kwa spana chache, kitambaa, na kopo la oili.